Mwili Ndio Mtaji wa Kwanza
Hotuba ya Mwenyekiti katika sherehe ya kutimiza miaka 10 ya kikundi chetu, Ukonga, Dar es Salaam



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetuwezesha kuifikia siku hii tukiwa wazima. Pia tunawakumbuka wenzetu waliotangulia mbele ya haki. Tulianza nao chini ya mwembe, tukikalia mikeka na ndoo zilizopinduliwa. Mungu awalaze mahali pema.

Ndugu Mgeni Rasmi, habari za hisa, mikopo na marejesho zimo katika taarifa ya Mweka Hazina, nayo mtaisoma humu humu kitabuni. Sisi hapa tumeona tuzungumze jambo moja tu, ambalo lilitugharimu kulijifunza: usalama na afya ya mwanamke akiwa kazini kwake. Tunaposema kazini, msifikirie ofisi yenye feni. Kazini kwetu ni kwenye karai la mafuta ya moto pale stendi ya Gongo la Mboto, kwenye jiko la mkaa kule Mombasa, kwenye cherehani barazani, kwenye saluni ya chumba kimoja, na sokoni tukiwa na tenga kichwani.

Wanachama wote mnalijua sanduku letu. Lina kufuli tatu, na funguo wanakaa nazo akina mama watatu tofauti, halifunguki mpaka wote wawepo. Pesa tuliilinda hivyo tangu siku ya kwanza. Lakini yule mama anayeitafuta hiyo pesa hatukumwekea hata kufuli moja.

Katika mwaka wetu wa tatu, mwenzetu mmoja aliomba mkopo wa kupanua biashara yake ya maandazi na samaki wa kukaanga. Kama ilivyo kawaida, tulituma akina mama watatu wakamkague. Waliuliza wateja wake ni wangapi, anauza kiasi gani kwa siku, na wadhamini wake ni akina nani. Yote yalikuwa sawa. Jiko lake lilikuwa limekaa juu ya matofali matatu kando ya mtaro, na tofali moja lilikuwa limemeguka. Wote watatu waliliona. Hakuna aliyesema neno, kwa sababu halikuwa kwenye orodha ya maswali yetu. Tukampa mkopo, akanunua karai kubwa zaidi, akaliweka juu ya matofali yale yale.

Haikupita miezi miwili. Saa kumi na moja alfajiri, giza bado, karai likalala upande. Mafuta yakammwagikia kuanzia paja hadi unyayo. Majirani walikimbilia kumsaidia kwa wanavyojua wao: huyu kampaka dawa ya meno, yule kammwagia unga wa ngano. Hospitali ikabidi kwanza wavikwangue vile vitu ndipo watibu kidonda.

Jumamosi yake tulikuwa na kikao. Hakuja. Alimtuma binti yake wa darasa la tano kuja kusema mama anaumwa. Na sisi, jamani, tukafungua katiba yetu. Ilisema asiyehudhuria anatozwa faini, na asiyeleta rejesho anatozwa faini. Tukasoma vifungu viwili, tukatoza faini mbili. Yule mtoto akafungua pindo la kanga, akahesabu sarafu, akatulipa. Tukamwandikia risiti.

Tulikwenda kumwona wiki iliyofuata, tukiwa na sukari na sabuni mkononi. Tulipokiona kile kidonda hatukuweza hata kukaa. Yeye mwenyewe hakutulaumu. Alisema tu, "Mlinikagulia wadhamini, hamkunikagulia matofali."

Mwenzetu huyo yupo hapa leo, amekaa miongoni mwetu, na ametupa ruhusa tuyaseme haya. Faini tulimrudishia siku ile ile. Lakini aibu ile hatujaimaliza mpaka leo, na hatutaki iishe, maana ndiyo iliyotubadilisha.

Baada ya hapo tulikaa tukahesabu. Tuliwachukua wote waliowahi kuchelewesha marejesho, tukauliza mmoja mmoja sababu ilikuwa nini. Tulidhani tutasikia biashara mbaya, au mume kachukua hela. Yapo hayo, hatukatai. Lakini mara nyingi jibu lilikuwa mwili: kuungua, mgongo, kifua, mimba iliyoharibika kwa kubeba mizigo. Tukaelewa kwamba mtaji wa kwanza wa mwanamke ni mwili wake. Ule wa kwenye sanduku ni wa pili. Wa kwanza ukiungua, wa pili unayeyuka wenyewe kwa nauli na dawa.

Hivyo basi tuliibadilisha katiba. Mambo manne.

La kwanza, mkaguzi akienda kukagua mkopo, anaanza na mahali pa kazi. Jiko limekaa imara? Liko mbali na njia ya watoto na daladala? Kuna ndoo ya maji safi karibu, na mchanga? Mama amevaa viatu vya kufunika vidole au kandambili? Kanga imefungwa vizuri au inaning'inia juu ya moto? Na wale wanaopika kwenye saiti za ujenzi, tunaangalia wasiweke jiko chini ya jukwaa la mafundi. Wengi tunakumbuka jengo la ghorofa 16 lililoanguka katikati ya jiji letu tarehe 29 Machi 2013, likaua watu 36. Mama lishe naye ni mtu wa saiti, ingawa jina lake halimo kwenye daftari la mkandarasi.

La pili, tuna mkopo mdogo usio na riba wa kununulia kigae cha chuma cha kukalishia jiko, viatu, aproni, au glovu kwa wenzetu wa saluni wanaoshika dawa za nywele kutwa nzima.

La tatu, aliyeumia au kuugua hatozwi faini. Rejesho lake linasimama mpaka apone, na mfuko wa jamii unamchangia matibabu.

La nne, kila baada ya miezi mitatu nusu saa ya kikao ni somo. Tumefundishwa na wataalamu wa afya, nasi tunarudia hapa ili asiyekuwapo asikie. Ukiungua, mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usitie dawa ya meno, usitie unga, usitie yai wala mafuta. Vua pete na bangili mapema kabla hapajavimba. Funika kwa kitambaa safi, nenda hospitali. Mafuta yakishika moto kwenye karai, usimwagie maji hata kidogo, utautawanya moto. Funika kwa mfuniko na uzime jiko. Moto ukizidi nguvu, simu ya Zimamoto ni 114.

Tusifichane, wapo waliolalamika. Walisema eti tumegeuka mabwana afya, kwamba watu walikuja kuweka akiba sio kukaguliwa viatu. Wawili walijitoa. Mmoja alirudi.

Ndugu Mgeni Rasmi, kuna adui mwingine ambaye hapigi kelele kama mafuta ya moto. Ni moshi. Sisi tuliokulia jikoni tulidhani kikohozi cha asubuhi na macho mekundu ni sehemu ya upishi. Kumbe sivyo. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 duniani walikufa kutokana na hewa chafu ya majumbani, ambayo kwa sehemu kubwa ni moshi wa kupikia. Moshi huo unaleta magonjwa ya moyo, kiharusi, magonjwa ya mapafu na saratani ya mapafu, na kwa watoto wadogo unaleta nimonia. Mama lishe anapika kuanzia alfajiri mpaka usiku, na mara nyingi mtoto yuko mgongoni. Wanavuta wote wawili.

Na mkaa, ambao tunauona hauna moshi, una hewa yake ya sumu isiyoonekana wala kunuka. Mvua ikinyesha tunaliingiza jiko ndani na kufunga mlango. Watu wamelala hivyo na hawakuamka. Jiko la mkaa mahali pake ni nje, au penye upepo unaopita.

Tunaishukuru Serikali kwa kulivalia njuga jambo hili. Tarehe 8 Mei 2024, hapa hapa Dar es Salaam, Mheshimiwa Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanatumia nishati safi. Sisi tumeanza. Baadhi yetu wamehamia gesi kwa mkopo wa kikundi. Lakini tuseme kweli: mtungi wa kwanza sio tatizo, tatizo ni kuujaza tena. Mkaa unanunua wa kopo moja ukipata hela ya kopo moja. Gesi inataka hela nyingi kwa mara moja. Kwa hiyo wengi wana gesi na mkaa pia. Ndio maana tumeanzisha akiba ya gesi, kidogo kidogo kila wiki, mtungi ukiisha hela ipo. Haba na haba hujaza kibaba. Na gesi nayo ina masharti yake: pima mpira kwa maji ya sabuni, ukiona mapovu inavuja. Ukisikia harufu, usiwashe kiberiti wala swichi ya taa. Funga mtungi, fungua milango, toka nje.

Sasa tunageukia waume na watoto wetu, maana wengi wao ni vibarua katika viwanda vya Barabara ya Nyerere, ile tuliyoizoea kuiita Pugu Road. Mtoto wa mwenzetu mmoja alipoteza kidole kwenye mashine. Kiwanda hatukitaji. Alipewa nauli na kuambiwa anyamaze, naye akanyamaza kwa sababu hakujua. Basi tujue. Ipo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na upo wakala wa Serikali, OSHA, wa kuisimamia. Vifaa vya kujikinga ni wajibu wa mwajiri. Ipo pia Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, iliyoanzisha mfuko wa WCF. Anayechangia mfuko huo ni mwajiri, sio mshahara wa mfanyakazi. Mtu akiumia kazini, atoe taarifa mapema, atunze vyeti vya hospitali, na akumbuke majina ya waliokuwapo. Akina mama, kayasemeni haya nyumbani leo, wakati wa chakula.

Wengine watasema hatari ya kazini ni ya mwenye kazi. Sisi watu wa Ukonga hatuwezi kusema hivyo. Usiku wa tarehe 16 Februari 2011 mabomu yalilipuka katika ghala la kambi ya jeshi Gongo la Mboto. Watu zaidi ya 20 walifariki, na sisi tulikimbia gizani, wengine tukapotezana na watoto mpaka kesho yake. Usiku ule hakuna aliyeuliza sufuria yake iko wapi. Kila mtu aliuliza mtu wake yuko wapi. Tukiweza kukumbuka hivyo usiku wa mabomu, tukumbuke hivyo na siku za kawaida.

Ndugu Mgeni Rasmi, tuna maombi mawili. Kwanza, Halmashauri inapotoa mikopo kwa vikundi vya akina mama, na ukaguzi wa mahali pa kazi uwemo. Mfano wetu tunautoa bure. Pili, tarehe 28 Aprili, Siku ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Duniani, wataalamu wasiishie viwandani. Wafike na stendi, wafike na sokoni. Tutawapokea na chai tutawapikia, kwenye jiko lililokaa sawa.

Hatujamaliza ajali. Mwaka jana mmoja wetu aliungua mkono kwa mvuke. Lakini aliyekuwa jirani yake alimwagia maji, akakaa naye dakika 20 kwa saa, na rejesho lake likasimama bila mtoto wake kutumwa kikaoni. Kwetu sisi hiyo ndiyo faida ya miaka 10, hata kama haionekani kwenye daftari la Mweka Hazina.

Tunawaomba wanachama, mkitoka hapa kesho asubuhi, kabla hamjawasha moto, inameni muangalie matofali.