Umefikia kwa Nani? Simulizi za Safari za Wanawake katika Viunga vya Dar es Salaam

Fasihi ya safari, yaani masimulizi ambamo msafiri mwenyewe hueleza njia aliyopita na watu aliokutana nao, ilianza kuchapishwa kwa Kiswahili mapema, lakini kwa sauti ya wanaume. Mkusanyiko wa msomi Mjerumani Carl Velten, Safari za Wasuaheli, uliotoka Göttingen mwaka 1901, una wasimulizi kama Selim bin Abakari, aliyefika hadi Urusi na Siberia, wala hauna mwanamke hata mmoja. Sayyida Salme binti Said, binti wa Sultani wa Zanzibar aliyetoroka Unguja mwaka 1866 kwa manowari ya Kiingereza, aliandika kumbukumbu zake, ila kwa Kijerumani, zikachapishwa Berlin mwaka 1886, na msomaji aliyekusudiwa hakuwa jirani yake wa Mtoni, huko Unguja. Anayetafuta safari ya mwanamke iliyosimuliwa kwa Kiswahili hana budi basi kuacha rafu za vitabu na kwenda uani, saluni na katika vikao vya vikoba, yaani vikundi vya kuweka na kukopa, huko Mbagala, Tandika, Mwananyamala na Tandale.

Simulizi za huko zina umbo lake, na umbo hilo limetokana na maswali zaidi kuliko lilivyotokana na barabara. Mwanamke anayehesabiwa kuwa amesafiri peke yake ni yule aliyetoka bila mume, kaka wala mjomba, hata kama basi lilijaa hadi mlangoni, na kila alipofika aliulizwa amefikia kwa nani na amefuata nini. Tangu miaka ya 1960 swali la kwanza lilikuwa na mwenyewe: balozi wa nyumba kumi, kiongozi wa ngazi ya chini kabisa ya chama tawala, ambaye mgeni alipaswa kutambulishwa kwake. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, iliyowalenga wakazi wa mijini wasio na kazi inayotambulika, ililipa swali la pili meno, kwa kuwa aliyekosa jibu aliweza kukamatwa na kurudishwa kijijini. Haishangazi, basi, kwamba msimulizi wa Temeke, wilaya yenye Mbagala na Tandika, humtaja mwenyeji wake, ukoo wake na mtaa wake kabla ya kutaja alichokiona njiani. Anayeyaona hayo kuwa maelezo ya pembeni amekosa kiini cha simulizi.

Njia ya kusini inaonyesha jambo hili waziwazi. Barabara ya Kilwa huingia jijini kupitia Mbagala, ndiyo maana watu wengi wa Rufiji, Kilwa, Lindi na Mtwara wameweka makazi upande wa Temeke. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko cha Ndundu, na masika yakikolea barabara iliweza kufungika. Mwanamume aliyekwama hapo angeweza kusimulia matope na ujasiri wa dereva. Mwanamke alikuwa na deni la kueleza alilala wapi, karibu na nani, na nani angeweza kumshuhudia. Usiku wa mtoni ulikuwa sehemu ndefu ya simulizi yake kwa sababu ndiyo sehemu ambayo heshima yake ingeweza kupingwa.

Tofauti na wasafiri hao, Bibi Titi Mohamed, aliyeongoza tawi la wanawake la TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, kuanzia mwaka 1955, alizunguka nchi kwa namna ambayo wanawake wengi wa wakati wake wasingeruhusiwa. Simulizi yake, iliyorekodiwa na mwanahistoria Susan Geiger na kuingia katika kitabu TANU Women cha mwaka 1997, husonga kwa uhuru wa pekee, pengine kwa sababu chama kilikuwa jibu la maswali yote mawili.

Leo anayeteremka katika kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, huenda alikwisha kutuma jina la basi, namba zake na ujumbe wa sauti kutoka kila kituo kwa dada na mama, hivyo safari husimuliwa vipandevipande kabla haijaisha, na wanaosikiliza wanaweza kuuliza papo hapo. Mwenyeji naye mara nyingi si shangazi tena bali ni dalali wa vyumba aliyepatikana kwa simu. Huyo hutajwa kwa kifupi sana, na wasikilizaji wakubwa, wanaotaka kujua ni mtoto wa nani, hawaridhiki.