Kabla Hujaandika Barua
(Mazungumzo na walimu wa vyuo)



Nianze na jambo lililonipata mimi mwenyewe. Katika chuo kimoja nilichofundisha, niliandika maelezo ya somo pamoja na mwenzangu. Yalipotoka kwa mpiga chapa, jina lilikuwa lake peke yake. Sikumwuliza. Nilinuna muhula mzima, kisha nikaandika barua kali kwa mkuu wa chuo, na nakala kwa mkuu wa idara. Naye akajibu kwa barua. Salamu zikaisha, faili zikanenepa. Tulipoitwa kikaoni ndipo nikasikia kwamba ni mpiga chapa aliyeliacha jina langu. Lakini maneno yalikuwa yameshasemwa. Mwenzangu akahama.

Sasa, nilikosa nini? Sikukosa hakimu. Nilikosa mtu wa kunisikiliza kabla sijashika kalamu.

Vyuo vingine vya ng'ambo vina mtu wa namna hiyo. Humwita ombudsman, neno la Kiswidi. Sweden ilianzisha ofisi ya Bunge ya kusikiliza malalamiko ya wananchi mwaka 1809. Chuo Kikuu cha Michigan State, Marekani, kilifungua yake mwaka 1967 kwa ajili ya wanafunzi. Baadaye vyuo kadhaa vikawafungulia walimu pia. Hapa Kenya tunayo Tume ya Haki ya Utawala tangu 2011, lakini hiyo huchunguza kirasmi mambo ya ofisi za umma. Mimi nasema juu ya mtu wa pale pale chuoni.

Mtu huyo ana masharti manne:

1. Yuko huru. Hatumwi na mkuu wa idara wala chama.

2. Hapendelei upande. Si wakili wako, si wakili wa mkubwa wako.

3. Anatunza siri. Jina lako haliingii kwenye faili ya chuo. Atavunja siri tu kama maisha ya mtu yamo hatarini.

4. Hana mamlaka ya kuamua. Hahukumu, wala hafuti barua ya onyo. Anasikiliza, anakueleza kanuni, anakusaidia kupanga maneno yako. Mkikubali nyote wawili, anawaketisha pamoja.

Lakini tuelewane. Kuzungumza naye si kupeleka mashtaka. Siku za kukata rufani zinaendelea kuhesabika huku mkinywa chai. Na aliyepigwa, au anayetakwa kimapenzi na mkubwa wake, asiambiwe, "Nendeni mkapatane kwanza." Huyo njia rasmi iwe wazi kwake tangu siku ya kwanza.

Mtasema, chuo chetu ni kidogo, hatuna pesa za ofisi. Basi chagueni mwalimu mstaafu mnayemwamini nyote, mpeni chumba kisichotazamana na ofisi ya mkuu, na siku moja kwa juma. Ila mkuu wa chuo aahidi kwa maandishi kwamba hatauliza kamwe nani aliingia pale. Bila ahadi hiyo, msiwadanganye watu kwamba kuna siri.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ukuta wangu niliujenga kwa barua tatu, na swali moja tu lingetosha.