Kiingereza cha Kazini

Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu. Mimi ni mtumishi wa serikali upande wa ugavi, yaani kununua na kutunza vifaa vya umma. Sikuja kuwasimulia vyeo. Nimekuja kuwasimulia kosa langu moja, maana naamini lina funzo kwenu kuliko shahada yangu.

Nilipotoka Chuo Kikuu nilijiona nakimudu Kiingereza. Hapa shuleni insha zangu zilikuwa zikisomwa mbele ya darasa, kwani nilipenda maneno mazito. Mwaka wangu wa pili kazini niliagizwa kuandikia kampuni moja ya nje, kuuliza bei ya vipuri vya pampu ya maji ya kijiji. Mkuu wangu aliandika kwenye jalada: "Watupe bei hadi tarehe 30 Juni." Alitaka bei ziwe zimetufikia kabla ya siku hiyo kwisha. Mimi nikaandika "until".

Wauzaji walifuata walivyoandikiwa. Wakaleta bei nzuri, lakini za kudumu hadi tarehe 30 Juni tu. Barua yao ikapita masjala, ikapita kwa wakubwa, na idhini ya kununua ikatoka katikati ya Julai. Tukaambiwa bei ile imekwisha, na mpya imepita fungu tulilotengewa. Ikabidi tuanze upya. Pampu ilikaa kimya kiangazi chote, na akina mama wa kijiji kile wakarudi kuchota maji mtoni. Neno lililotakiwa lilikuwa na herufi mbili tu: "by". "Hadi" yetu hufanya kazi ya maneno yote mawili, Mwingereza ameyatenga.

Najua wapo watakaouliza: kwani kazi za serikali si kwa Kiswahili? Ni kweli. Tangu mwaka 1967 Kiswahili ni lugha ya shughuli za serikali, na mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili kiwe pia lugha ya sheria na mahakama. Nami nafurahi. Lakini muuza pampu aliye nje hajui Kiswahili, na maelekezo ya mashine yake huja kwa Kiingereza. Mtumishi husimama mlangoni, katikati ya lugha mbili. Akikosea yeye, anayeumia ni mwananchi ambaye hata barua yenyewe hakuiona.

Wala msidhani shida hii ni ya wageni wa Kiingereza peke yao. Mwaka 1948 Sir Ernest Gowers, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya Uingereza, alitoa kitabu kiitwacho Plain Words. Hazina ya nchi ile ndiyo iliyomwomba akiandike, ili watumishi wake waandike kwa maneno mepesi yanayoeleweka. Ikiwa Waingereza walifundishwa upya Kiingereza cha ofisini, sisi tuone haya kwa nini?

Walimu wangu, nawaomba msinielewe vibaya. Insha na fasihi ziendelee. Ila insha humwonyesha mwalimu kwamba mwanafunzi anajua, na barua ya kazi humfanya mtu mwingine atende jambo. Vijana wafundishwe yote mawili.

Yapo mambo madogo ambayo mtihani hauyaulizi sana. Saa nne asubuhi yetu ni "ten o'clock" kwao. Ukitafsiri hesabu tu, mgeni atakuja jioni. Tarehe 3/4 kwa Mwingereza ni 3 Aprili, na kwa Mmarekani ni 4 Machi. Basi andika jina la mwezi. Tena adabu. Sisi tukisha kusalimiana na kuulizana habari za nyumbani, mtu akisema "niletee ile hati" hakuna anayechukia, maana salamu zimekwisha kulainisha njia. Barua ya Kiingereza haina salamu hizo. Adabu hutiwa ndani ya ombi lenyewe. Ukitafsiri neno kwa neno, utaonekana unaamrisha.

Napendekeza zoezi moja, wala halihitaji fedha. Mwanafunzi mmoja aandike barua ya nusu ukurasa kuagiza jambo: madaftari, usafiri wa timu, au chumba cha mkutano. Mwenzake, ambaye hakusikia maelezo, aisome na kueleza atakavyotenda. Akishindwa kusema afanye nini, lini, na amjibu nani, barua imeshindwa, hata kama sarufi yake ni safi. Waibadilishe mpaka ieleweke. Hali kadhalika simu: mmoja apige, mwingine apokee na kuandika ujumbe, kisha tuone kama ujumbe umefika mzima.

Ndugu zangu tuliomaliza hapa, hapo ndipo mchango wetu unapotakiwa. Wapo kati yetu wa benki, bandari, hospitali na mahoteli. Tuwape walimu mifano ya barua za kazi, tukiwa tumeondoa majina na mambo ya siri. Na kila muhula mmoja wetu aje akae na kidato cha nne saa moja. Mimi naanza, Mkuu wa Shule anipangie siku.

Nanyi vijana, msiogope Kiingereza, wala msikitumie kuwaringia wenzenu. Kabla ya kutia sahihi, jiulizeni swali ambalo mimi sikujiuliza: huyu atakayesoma, atafanya nililokusudia? Pampu ile baadaye ilitengenezwa. Lakini kila nikiandika tarehe ya mwisho katika barua, huwakumbuka wale akina mama na ndoo zao.