Kushiba Huanzia Wapi?

(Hotuba iliyotolewa Kambarage, Shinyanga, siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)

Nashukuru kupewa nafasi hii kabla ya chakula, maana watu walioshiba hawasikilizi.

Wenzetu wawili hawakuja leo kwa sababu ya kisukari. Mmoja amekatwa mguu. Nilisikia hapo nje wakiitwa walafi, na hilo ndilo lililonifanya nichague habari hii.

Tumbo likiwa tupu, na hasa saa ya mlo iliyozoeleka ikikaribia, hutoa homoni iitwayo grelini, iliyogunduliwa Japani mwaka 1999. Hupita katika damu hadi kwenye ubongo ikidai chakula. Chakula kikifika katika utumbo mwembamba, utumbo nao hujibu: mafuta na protini huamsha kolesistokinini, na sehemu za chini zaidi hutoa GLP-1 na PYY. Hizi huchelewesha tumbo kumwaga chakula na kuuarifu ubongo kwamba yatosha. Lakini taarifa huchukua muda. Anayemaliza sahani kwa dakika tano huomba nyongeza kabla barua haijafika.

Sasa tazameni. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne, Australia, walieleza habari za watu 50 wanene waliopunguza uzito kwa mlo mkali wa majuma 10. Mwaka mmoja baadaye grelini yao ilikuwa bado juu, PYY bado chini, na njaa yao kali kuliko kabla ya kuanza. Mwili ulikuwa ukidai kilo zake. Huo si ulafi.

Wengine husema tunanenepa kwa sababu hatushiki jembe tena. Jirani zetu Wahadza wa Ziwa Eyasi walipimwa na Herman Pontzer na wenzake, matokeo yakachapishwa mwaka 2012. Wahadza hutembea mno, lakini nguvu wanayotumia kwa siku, ukizingatia ukubwa wa mwili, haikuzidi ya Wamarekani. Mazoezi ni mema kwa moyo na kwa sukari, msiyaache. Ila uzito hutegemea zaidi sahani. Michembe, kunde na ugali wa mtama vina nyuzinyuzi, hutafunwa, na huliwa polepole. Soda haitafunwi, ingawa huko machimboni Geita wapo walioifanya staftahi.

Baadhi yenu mmeniuliza pembeni juu ya sindano za kupunguza unene. Semaglutaidi huiga GLP-1, na Marekani iliiruhusu kwa kazi hiyo mwaka 2021. Inafanya kazi kweli. Huleta kichefuchefu kwa wengi, na ikikomeshwa sehemu kubwa ya uzito hurudi. Isinunuliwe mkononi mwa mtu. Daktari akupime kwanza.

Ndugu Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali.