Kuotesha Vipandikizi vya Chai Nyumbani
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wakulima wa Kisii na Nyamira)



Nimeombwa niseme nanyi habari za kuotesha miche ya chai nyumbani kwa vipandikizi, yaani vipande vilivyokatwa katika mchai uliokwisha kukua. Huenda baadhi yenu mnasema moyoni, "Kazi hiyo twaijua tangu utoto." Ni kweli. Mama wa Kigusii hukata marando ya viazi asubuhi, akayachomeka tutani, na baada ya siku chache yameshika. Muhogo nao ni hivyo hivyo. Lakini chai ina tabia nyingine. Kipandikizi chake hukaa miezi miwili au mitatu, na penye baridi hata zaidi, kabla ya kupata mizizi ya kutosha. Muda wote huo hakina kinywa cha kunywea. Kina jani moja tu, na jani hilo hupoteza maji kila jua linapoliangaza. Basi kazi yote ya mwenye kitalu ni kulinda jani lile lisikauke hata mizizi itoke.

Mtu aweza kuuliza: kwa nini tusipande mbegu? Wakulima wa kwanza wa kaunti hizi, zamani Nyamira ilipokuwa bado sehemu ya Kisii, walipanda michai iliyotokana na mbegu. Mbegu ya chai ina baba na mama, na watoto wake hawafanani: mmoja huzaa sana, jirani yake huzaa haba. Kipandikizi ni mama mwenyewe aliyeongezwa. Chuo cha utafiti wa chai cha Kericho, kilichoanzishwa mwaka 1951, kilichagua michai bora mmoja mmoja na kuipa namba. Ndipo tukapata 6/8, unaosifiwa kwa ladha, na 31/8, na mwaka 2011 ule wa majani ya zambarau, 306/1. Kwa hiyo ukikata kipandikizi katika mchai mbaya, umeuongeza ubaya wake, nawe utauchuma miaka hamsini.

Mchai wa kukatwa huachwa bila kuchumwa kwa muda wa miezi sita hivi baada ya kupogolewa, utoe matawi marefu. Kateni asubuhi na mapema, mkayatie matawi ndani ya maji au gunia lililoloweshwa, kivulini. Ncha laini itupwe, na sehemu ya chini iliyokwisha kuwa mti wa kahawia itupwe pia. Ya katikati ndiyo itakiwayo. Kila kipande kiwe na jani moja zima na kijiti cha sentimita tatu au nne chini yake. Mkato wa juu uwe wa mshazari, karibu na jani, bila kugusa tumba lililo kwapani mwake. Kisu kiwe kikali. Kisu butu huponda ngozi, na palipopondwa huoza.

Sasa nije kwenye udongo, maana hapa ndipo watu wenye bidii hupata hasara. Mkulima hodari hujiambia: nitatafuta udongo wenye rutuba kupita wote. Basi huchota penye boma la zamani la ng'ombe, au mahali palipokuwa na nyumba na jiko miaka iliyopita. Mahindi yangeshukuru, bali chai hufa. Chai hupenda udongo mchachu, na majivu huuondoa uchachu huo. Ndiyo sababu katika mashamba mengi mwaona duara ambapo michai ni ya manjano na imedumaa: palikuwa na nyumba hapo. Tena, katika mifuko mirefu ya nailoni, sehemu ya juu ambamo kijiti huchomekwa ijazwe udongo wa chini, ule mwekundu usio na mboji. Sehemu ya chini ya mfuko iwe udongo wa juu wa shamba, uliochanganywa na mbolea ya fosfeti kwa kipimo atakachosema Bwana Shamba. Samadi isitiwe.

Mwagieni maji, chomekeni vijiti, majani yote yaelekee upande mmoja wala yasiguse udongo. Kisha pindeni fito, mfunike kwa karatasi ya nailoni, na kingo zake mzifukie kabisa kwa udongo. Juu yake jengeni kivuli cha nyasi. Matone yakionekana ndani ya nailoni, ni dalili njema, msifungue. Baada ya wiki tatu hivi tazameni, mkamwagie ikiwa udongo umekauka, mkafunike tena.

Kuna udanganyifu mmoja. Tumba laweza kuchipua kabla ya mizizi kutoka. Mwenye haraka huona kijani kipya, akafurahi, akafunua nailoni. Siku tatu za jua zatosha kuvimaliza vyote. Ng'oeni vichache kwanza. Mkiona uvimbe mweupe tu penye mkato, subirini. Mkiona mizizi imeenea, fungueni ncha moja ya handaki lile kidogo, wiki ifuatayo zaidi, hata miche izoee hewa; kivuli nacho kipunguzwe vivyo hivyo.

Hesabu haina siri. Kwa nafasi ya futi nne kwa futi mbili na nusu, ekari moja hula michai 4,356. Kununua yote ni mzigo, hasa kwa mwenye shamba dogo anayetaka kuziba mapengo tu. Otesheni zaidi ya mnayohitaji, kwa kuwa baadhi hufa hata kwa fundi. Wala msipande namba moja peke yake shamba zima. Ugonjwa au ukame usioupenda mche huo utaikuta yote. Pandeni namba mbili au tatu, kila moja mahali pake.

Vipandikizi vilivyochomekwa mwezi wa Aprili au Mei huwa tayari kwa mvua za Machi mwaka unaofuata, vikiwa na urefu wa sentimita 20 na zaidi. Siku ya kupanda, upasueni mfuko kwa wembe bila kuvunja bonge la udongo, mkauondoe wote shimoni. Uliobaki hufunga mizizi.