Damu Moja, Vipimo Viwili

(Maneno ya kamati mbele ya mkutano wa wanachama)



Juu ya sida tumefundishwa sana, tangu kule kambini Lugufu na Nyarugusu. Leo tunasema juu ya ndugu yake anayepita njia zilezile na hatajwi: ugonjwa wa ini, hepatiti B. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wanaishi nao, na zaidi ya milioni 1 walikufa nao mwaka huohuo.

Unapita wapi? Kwa damu, kwa kulala pamoja bila kondomu, na toka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaa. Wembe mmoja wa kuchanja watoto watano ni hatari. Sindano ya kurudilia ni hatari. Virusi hivi vinaweza kuishi siku 7 nje ya mwili, hata damu ikiwa imekaukia kwenye wembe. Lakini kula sahani moja, kunywa kikombe kimoja, kupeana mkono, kuumwa na mbu, hapana, haviambukizi. Basi mgonjwa asitengwe.

Mtoto mchanga akiambukizwa, karibu 9 kati ya 10 wanabaki na virusi maisha yote. Ugonjwa unalala kimya miaka mingi. Siku unaamka, tumbo linavimba, macho yanakuwa manjano. Hapo kwetu Kivu watu wanasema ni karuho, amepewa sumu, na wanaanza kutafuta jirani aliyempa. Sisi tuliorudi na kukuta mashamba yetu yanagombaniwa, tunajua neno kama hilo linaweza kufika wapi. Kabla ya kutaja jina la mtu, damu ipimwe kwanza.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Kati ya watu 100 wenye VIH, karibu 7 wana hepatiti B pia. Magonjwa haya mawili yakikutana, ini linaharibika upesi zaidi. Lakini kuna habari njema: vidonge vya VIH vinavyotolewa sana siku hizi vina tenofoviri na lamivudini ndani, na dawa hizo zinapigana na virusi vyote viwili. Kwa hiyo mwenye kumeza vidonge asiviache kwa sababu anajisikia mzima. Akiviacha ghafula, hepatiti inaweza kurudi kwa nguvu na kuua ini. Kukiwa na safari ya kuvuka ziwa, au kukimbia vita, karatasi ya matibabu na vidonge vitangulie kuingia mfukoni, kabla ya sufuria.

Na mwenye hepatiti B peke yake naye apime VIH kabla ya kuanza dawa. Akipewa tenofoviri tu, kumbe ana VIH bila kujua, VIH inazoea dawa ile, na baadaye matibabu yanakuwa magumu. Ndiyo maana tunasema: damu moja, vipimo viwili.

Kwa watoto, chanjo iko. Inatolewa bure ndani ya ile ya wiki 6, 10 na 14. Mama asiruke hata moja. Shirika la Afya Duniani linaomba dozi ya kwanza itolewe ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa. Tuulize kwenye matèrnite yetu kama inapatikana. Mama mwenye mimba aombe kipimo mapema, maana akijulikana, munganga anaweza kumkinga mtoto. Na kunyonyesha, aendelee.

Ninyi wafadhili wetu, tunawaomba neno moja. Kipimo cha hepatiti B ni tone la damu tu, lakini hakipatikani kila kituo cha afya, na nauli ya kufika kwenye hospitali kubwa inawashinda wengi. Tusaidieni vipimo na nauli. Ninyi wanachama, kila familia ije na wembe wake, na lutuku tuipunguze, kwa kuwa inamalizia ini lililochoka.

Tulirudi ili tuishi. Tusife kwa ugonjwa wenye chanjo na dawa.