Hofu Nayo Huua: Funzo kwa Vyuo Vyetu



Alfajiri ya tarehe 12 Aprili 2015, hitilafu ya umeme ilisababisha mlipuko katika kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Siku 10 tu zilikuwa zimepita tangu shambulio la Garissa. Wanafunzi walidhani ni magaidi. Wengine wakaruka kutoka ghorofani. Mmoja alifariki na zaidi ya 100 wakajeruhiwa. Kilichowaumiza ni hofu na msongamano.

Ndiyo maana mazoezi ya kuondoka jengoni si mchezo. Kila anayelala bwenini, kuanzia Kabianga hadi Bomet, au katika chumba cha kupanga nje ya chuo, ajue njia mbili za kutokea. Mlango wa dharura usitiwe kufuli watu wakiwa ndani. King'ora kikilia, acheni mizigo, shukeni kwa ngazi. Penye moshi, inameni. Mkifika mahali pa kukusanyika, ngojeni majina yaitwe, ili asiyeonekana atafutwe mapema. Pigeni 999 au 112. Msirudi ndani.

Mzazi, mwulize mwanao leo: moto ukizuka usiku, utatokea wapi?